Mkaguzi wa Mizani

Kazi yangu, hapa Liepaja, ni kupima vipimo.
Nabeba sanduku la mawe ya shaba,
kilo, nusu, robo, hadi gramu moja ndogo kama punje,
napita sokoni meza hadi meza.
Mizani ikidanganya naibandika karatasi nyekundu.
Sibishani na mtu. Jiwe halina huruma wala chuki,
linataja uzito wake, mimi naandika.

Novemba ile barua mbili zilinijia wiki moja.
Ya kwanza: nimekosea tarehe kwenye cheti cha muuza samaki.
Tarakimu moja.
Niliisoma pale pale mlangoni, koti mwilini,
nikasema, "Nilijua,"
ikazama kama msumari kwenye sabuni.

Ya pili ilitoka Riga, ina muhuri:
katika wakaguzi wote wa pwani hii
hesabu zangu ndizo safi kuliko zote.
Hiyo niliilaza mezani siku tatu.
Niliiinua kwenye taa, nikaichunguza sahihi.
Wamekosea jina. Au wanawapa wote.
Au wananihurumia, kuna mtu kawaambia.
Kawaambia nini? Nani? Hakuna aliyejua.
Hilo lakini niliamini upesi, bila taa.

Watu hudhani gonjwa hili hufumba macho.
Mimi nilikuwa naona. Sifa nilizisikia
neno kwa neno, ningeweza kuzikariri.
Ila mlangoni pa moyo ameketi karani:
habari mbaya anazipungia mkono zipite,
habari njema anaidai cheti cha kuzaliwa,
na cha babu yake, na mashahidi wawili,
na mashahidi wakija
anauliza nani kawalipa nauli.

Mke wangu Zaiga anaendesha tramu.
Mji una njia moja tu ya tramu,
kwa hiyo anaamini katika kwenda na kurudi.
Kila jioni aliniletea kitu.
"Ausma wa jibini amekuulizia."
Anaogopa karatasi nyekundu.
"Mwanao amepiga simu."
Anataka fedha.
"Hakuomba fedha."
Ataomba.
"Na mimi je, Vilnis? Si nipo hapa?"
Nilinyamaza. Si kwamba nilikosa jibu.
Nilikuwa nayo manne.

Asubuhi moja nikamkuta jikoni,
ameweka jiwe langu la kilo juu ya mizani ya unga.
Mshale ukasimama kwenye gramu mia sita.
"Jiwe lako bovu," akasema.
Nikapandwa na hasira, mara ya kwanza tangu kiangazi:
"Jiwe haliwezi kuwa bovu! Mizani ndiyo..."
Akanitazama.
Akavaa kofia ya kazi, akaenda zake.

Msidhani nilipona. Alipotoka tu
niliifungua ile mizani, mimi ni mkaguzi,
na chini ya sahani nikaukuta
mpira wake wa nywele, wa kijani, umezungushwa mara tatu.
Ushahidi wa kughushi!
Karani wangu alifurahi mno, alisimama kabisa kitini.

Ila bisibisi ilikuwa bado juu ya friji,
na kikombe cha chai chenye utando,
na skrubu moja iliyomshinda, kichwa kimelika.
Zaiga huamka saa kumi alfajiri.
Maana yake alikaa hapa usiku wa manane,
mtu asiyejua kulia wala kushoto kwa skrubu,
akihangaika.

Nilimtafutia sababu.
Nilitafuta mpaka tramu ya kwanza ikapita chini ya dirisha,
na ya pili.
Karani akaniuliza, tunaandika nini?
Nikamwambia asubiri.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari, nikakaa karibu na mlango.
Ile mizani sikuibandika karatasi.
Nimeirudisha rafuni, mpira wa kijani ndani yake,
na mikate yetu ya rai, mpaka leo,
hutoka mikubwa kupita kiasi.